Hatua Mbili Kabla ya Ukuta

Ukiingia dukani kwake bila shikamoo, wino wa printa unaisha. Nimeliona hilo kwa macho yangu zaidi ya mara kumi. Mtu anaingia na flashi yake mkononi, anasema, "Mama, nitolee kopi tatu," naye anaitazama printa kwa huruma kama mgonjwa, anatikisa kichwa.

"Wino umeisha, baba."

Mtu anasimama pale, anafikiri, anakumbuka malezi yake. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu ngoja niitikise hii katriji."

Kopi tatu zinatoka, nyeusi kama lami mpya.

Mjini Kilosa humwita Mama Steshenari, nami sitampa jina jingine hapa. Alizaliwa wapi na wazazi wake walikuja kwa kazi gani, wanaojua wapo, waulizwe wao. Mimi namjua kuanzia pale kwenye kiti chake cha plastiki chenye mto wa kitenge, kati ya mashine ya kudurufu na kompyuta ambayo upande wake mmoja ulikuwa wazi mwaka mzima, feni zinaonekana zikizunguka. Alikuwa amevuka miaka sitini. Alivaa miwani mbili kwa wakati mmoja, moja puani na nyingine kichwani, na alitafuta ya tatu.

Nilirudi Kilosa kwa wiki mbili kusubiri cheti changu cha chuo kikuu. Nikakaa miaka mitatu. Nilituma maombi ya kazi mpaka nikachoka kusoma majibu, kisha majibu yenyewe yakaacha kuja. Treni ya umeme ilianza kupita wakati huohuo. Inasimama, inashusha watu, inaondoka kimya kabla hujamaliza kuisikia. Niliijua ratiba yake kuliko wasafiri. Kitu kinachokwenda kasi namna ile hukufanya ujione umekaa zaidi ya ulivyokaa.

Dukani kwake nilikwenda kwanza kutoa kopi za vyeti, baadaye nikawa nakwenda kubisha tu. Alinibatiza jina kutokana na swali langu la kila siku. "Karibu, Nani-Kasema," alisema nikiingia. "Leo tumekosea nini?"

Tulikosea mengi. Niliuliza kwa nini anafunika kompyuta kwa kanga radi ikinguruma milima ya Ukaguru, wakati kanga haizuii umeme. Alisema anajua haizuii, lakini yeye asipofunika moyo wake unakwenda mbio, na huo ndio anaoutuliza. Niliuliza kwa nini mtu mwenye sukari anaweka vijiko vinne vya sukari kwenye chai, tena anaiweka chai yenyewe sentimita kumi kutoka kwenye kibodi. "Kibodi nitanunua nyingine," alijibu. Kuhusu sukari, alikoroga chai.

Lakini mtu huyohuyo, ilipofika zamu ya kadi ya picha, alikuwa mwangalifu kuliko daktari wa macho.

Nieleze kidogo. Kadi ya picha ni kile kipande ndani ya kompyuta kinachochora kila unachokiona kwenye skrini. Yeye aliihitaji kwa video za harusi na mahafali, na alikuwa ameipata iliyotumika, imekwishafanyishwa kazi ngumu na watu wa Dar. Kadi hutoka kiwandani na kasi yake, ila kiwanda huacha nafasi kidogo juu ya kasi hiyo, kama mshonaji anavyoacha upindo. Kwa programu ndogo ya bure unaweza kuufungua upindo huo: unaipandisha kasi, kadi ileile inafanya kazi zaidi. Ukizidisha, kompyuta inaganda, au picha zinaota vidoadoa, au joto linapanda mpaka kadi inaanza kujizuia yenyewe.

Alijifunza kwa kutazama video za mtandaoni bila sauti. Kiingereza chao kilimkimbia, alisema, lakini mkono wa mtu hauna lugha; alitazama mshale unakwenda wapi na kubonyeza nini, akasimamisha, akaandika. Nilimcheka, kisha nikasoma maelekezo ya mitandao mitatu nikakuta hakukosea hata hatua moja.

Alinifundisha hivi. Kwanza safisha. Alipeleka kompyuta nje ya mlango, akatoa vumbi kwa brashi ya rangi, kidole kikiwa kimeshika feni isizunguke. Pili, pima kabla hujagusa: iache kadi ifanye kazi nzito kwa kasi yake ya kuzaliwa, andika joto. Tatu, ongeza mzunguko wa feni. Ndipo unapopandisha kasi, kidogo, megahezi kumi na tano tu, na hiyo ndiyo hatua moja, kisha unaipa jaribio na kuiacha. Ikikaa, unapanda tena. Kasi ya kadi na kasi ya kumbukumbu yake hazipandishwi pamoja, maana ikianguka hutajua nani kaiangusha. Volti usiguse kabisa. "Wewe ni mgeni," aliniambia. "Mgeni haingii jikoni."

Na usiiruhusu programu ihifadhi kasi mpya. "Usiifundishe kukumbuka kabla hujaiamini," alisema. Kompyuta ikiganda, unaizima, ikiwaka imesahau yote na imerudi kwenye kasi yake ya mwanzo. Nilimwambia hayo ni malezi mabaya kwa mtoto. Akasema kwa mtoto ndiyo, kwa mashine ndiyo usalama wenyewe.

Yote aliyaandika kwenye daftari kubwa: tarehe, joto la nje, kasi, joto la kadi, na mwisho neno moja, *imekaa* au *haikukaa*.

Kitu kimoja kilinikera. Kila jaribio lilichukua saa mbili kamili. Mitandaoni wengine walisema nusu saa, wengine usiku kucha. Saa mbili sikuiona popote.

"Nani kasema saa mbili?" nilimuuliza.

"Mimi."

"Kwa kipimo gani?"

"Kwa kipimo cha kwangu. Unataka kujifunza au unataka kunisahihisha mtihani?"

Ilinichukua wiki kuelewa, nami najiita mtafiti. Alianzisha jaribio, akafunga duka, akaondoka kuelekea nyumbani kwake nyuma ya reli ya zamani. Saa mbili asubuhi, saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Mumewe, tuliyemwita Mzee, alikuwa amelala kitandani mwaka wa nne, kiharusi kimemchukua upande mzima wa kulia. Mtu wa namna hiyo asipogeuzwa kila baada ya saa mbili, ngozi inaoza kwa uzito wake mwenyewe. Watoto wao walikuwa mikoa ya mbali, nyumbani hakuna mwingine. Jaribio la kadi lilikwenda kutoka kumgeuza hadi kumgeuza. Aliporudi, ama skrini ilikuwa inacheza au imeganda, naye aliandika neno lake moja.

Baada ya kujua hilo sikuuliza tena habari ya kipimo. Lakini nilianza kumtazama vingine. Mwanamke huyu hakuweza kwenda mbali kuliko mwendo wa saa moja kwenda na saa moja kurudi. Magole hakuweza kufika. Munisagara, labda, pikipiki ikikubali na mtu asimsalimie njiani. Harusi alizozihariri hakuzihudhuria hata moja. Watu walimletea video, naye aliwajua maharusi wa wilaya nzima kwa sura zao bila kuwahi kula pilau yao.

Na alikuwa na jicho. Alikuja mzee mfugaji kutoka Kisanga, familia yake imetoka kanda ya ziwa, ana picha ya marehemu mama yake ndogo kama stempu, imekunjwa katikati. Alitaka ikuzwe ya kuweka ukutani. Mama Steshenari aliipiga skani ikatokea kwenye skrini, akaipitia kipande kwa kipande.

"Huyu mama alikuwa na kovu juu ya jicho?"

"Hapana, hiyo itakuwa mkunjo wa karatasi."

"Mkunjo unapita hapa chini. Hili liko juu yake."

Mzee alivua kofia. "Ng'ombe alimpiga pembe nikiwa mdogo. Nilikuwa nimesahau kabisa."

Kovu likabaki kwenye picha kubwa. Mzee alitoka akiishika kwa mikono miwili.

Ugomvi wetu mkubwa ulihusu namba. Baada ya majaribio ya wiki nzima tulipata mwisho wa kadi: hatua kumi juu ilikaa, ya kumi na moja iliganda. Mimi nilitaka tuiache kwenye ya kumi. Yeye akairudisha ya nane.

"Ya kumi imekaa, Mama. Umeandika mwenyewe."

"Imekaa leo. Sasa ni Julai, unavaa sweta. Novemba utakuja kuniambia. Ukuta ukishaugusa, rudi hatua mbili, ujenge hapo."

"Na faida yenyewe ni asilimia tisa tu! Umepoteza wiki kwa asilimia tisa, halafu unazipunguza."

"Kwani nani alikwambia nafanya kwa ajili ya faida?"

"Sasa kwa ajili ya nini?"

Alivua miwani ya puani, akavaa ya kichwani. "Nataka kujua ukuta uko wapi. Mtu anaweza kukaa ndani ya chumba miaka mingi hajui kina upana gani."

Nilikuwa na miaka ishirini na sita na hasira. Nilimwambia kwamba hiyo hatua mbili nyuma ndiyo ugonjwa wa Kilosa nzima, watu wanajua wanaweza kufika kumi wanajenga kwenye nane na kushukuru Mungu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema ni saa nane, akachukua funguo.

Novemba ikaja, na kazi ikaja nayo. Mchoraji wa majengo aliyekuwa na ofisi Mikumi alihitaji video ya hoteli ambayo bado haijajengwa, mtu aone kana kwamba anatembea vyumbani: sekunde arobaini na tano. Video ikimpendeza, atanichukua kwenye timu yake Dodoma. Alisema hivyo mbele yangu, mkono wangu ukiwa ndani ya mkono wake. Nilichora hoteli yote kwa wiki mbili. Kilichobaki ni kompyuta kuigeuza michoro hiyo kuwa picha kamili, moja baada ya nyingine, zaidi ya elfu moja. Kwa kasi ya kawaida, kwenye kadi ya Mama Steshenari, ambayo ndiyo pekee niliyoijua mjini, kazi ingemalizika Jumamosi ya wiki ya pili, ikiwa imechelewa muda wa kukabidhi kwa saa tano nzima. Kupunguza ubora nilikataa. Ubora ndio uliokuwa tiketi yangu.

Asilimia tisa ikawa maisha yangu yote.

"Chukua kompyuta," alisema. "Video za harusi zitasubiri, maharusi hawaachani wiki hii. Lakini upime upya. Namba za Julai si za mwezi huu."

"Kupima kutakula siku mbili. Nitapoteza zaidi ya ninachopata."

"Basi usipandishe."

"Nikiacha nimechelewa."

"Basi umechelewa," alisema kwa upole, na upole wake ulinichoma.

Alipokwenda nyumbani saa nne nilifungua daftari, nikaweka hatua ya kumi, ile ya Julai iliyokaa, kwenye kadi na kwenye kumbukumbu yake pia. Nikaanzisha kazi. Haikuganda. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano, kompyuta inachora, inveta na betri zake mbili za lori zinabeba umeme ukikatika, bati la duka linapasuka kwa jua, nami najiona mtu aliyemshinda mwalimu wake.

Jumatano saa sita mchana nilifungua picha moja nikaikuza. Dirishani mwa chumba cha hoteli kulikuwa na vidoa vya kijani, kama mchele uliomwagika. Nikafungua nyingine: safi. Ya tatu: kidoa kimoja kwenye shuka. Joto la Novemba halikuigandisha kadi. Lilikuwa likiharibu picha kimyakimya, hapa moja, pale moja. Picha zilizokwisha zilikuwa zaidi ya mia saba. Kuzirudia zote, muda haukuwepo. Ilibidi kujua ni zipi. Nilijaribu, baada ya picha hamsini nilikuwa naona kijani hata nikifumba macho, na sakafu ya mkeka niliyoichora kwa majivuno ilificha vidoa kama nyasi zinavyoficha kupe.

Mama Steshenari aliingia kutoka kumgeuza Mzee. Alinitazama, akatazama skrini, akatazama daftari lililokuwa wazi kwenye ukurasa wa Julai.

"Toka kwenye kiti," alisema.

Alirudisha kasi hatua mbili chini, akaiacha kadi iendelee na picha zilizobaki. Kisha akaziweka zile mia saba kwenye kompyuta yake ndogo, akavaa miwani, akaanza. "Hii nzima. Nzima. Hii, andika." Mimi niliandika namba. Hakunigombeza. Mara mojamoja alisimama kwenye picha isiyo na tatizo lolote, akaitazama tu, kisha akaendelea. "Hiki kitanda kimeelekea dirisha. Vizuri."

Saa ya ukutani ilikuwa juu ya kichwa chake. Ilipofika saa nane kamili niliitazama. Yeye alikuwa kwenye picha ya mia mbili na kitu. Nilijiambia anajua mwenyewe. Nilijiambia dakika kumi si kitu. Ikawa saa tisa. Ikawa saa kumi, nami bado ninaandika namba. Aliinuka saa kumi na moja na robo, picha ya mwisho imekwisha, akachukua funguo bila kuniaga, akaenda kwa hatua ambazo sijawahi kumwona akizipiga.

Picha mbovu zilikuwa arobaini na moja. Zilirudiwa, kazi ikaisha Jumamosi alfajiri, na saa sita mchana nilikuwa Mikumi. Wiki tatu baadaye nilikuwa Dodoma.

Habari ya kidonda cha Mzee niliipata kwa simu kutoka kwa mshonaji wa duka la jirani. Kilianza siku ile kama wekundu kwenye nyonga, kikafunguka, kikamlaza Mzee hospitali. Nilituma dawa na magodoro ya hewa na salamu. Sikurudi. Nilipandishwa cheo mara moja, nilinunua kadi mpya nzuri kuliko ile, na sikuwahi kuigusa kasi yake.

Mwaka huu, masika yalipoisha, nilishuka kwenye treni Kilosa, mara ya kwanza baada ya miaka miwili. Duka lilikuwa wazi. "Shikamoo, Mama," nilisema kabla hata ya kuvuka kizingiti.

"Marahaba. Umenenepa, Nani-Kasema. Dodoma wanakulisha."

Nilisema niliyokuja kuyasema, haraka, kabla mteja hajaingia: kwamba siku ile niliiona saa nane ikipita, na saa kumi, nikanyamaza kwa sababu nilitaka kuondoka.

Alicheka kicheko kifupi. "Kwani mimi kipofu? Saa niliitundika mwenyewe, na saa ya mkono ninayo."

"Sasa kwa nini hukwenda?"

Alipanga karatasi ambazo zilikuwa zimekwishapangwa. "Nilikuwa mle ndani. Kwenye vile vyumba. Nilijua nachelewa, nikasema picha moja tena, moja tena. Si wewe uliyenikalisha. Ninyi wasomi mnapenda kujipa ukubwa hata kwenye dhambi." Akaugonga mrundo wa karatasi mezani ukae sawa. "Alipona, lakini alama ipo. Mimi ndiye ninayeiosha."

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliniomba kitu.

"Ile hoteli wameijenga?"

"Imekwisha. Mwaka jana."

"Vyumba vyote navijua. Mlango wake sijawahi kuuona. Kesho unaweza kukaa na Mzee? Nitaondoka na gari la asubuhi, saa tisa nitakuwa nimerudi."

Tiketi yangu ya kurudi ilikuwa ya kesho saa nne. Nilimwambia naweza.

Alinipeleka nyumbani akanifundisha. Katika miaka yangu yote mitatu sikuwahi kuingia mle. "Usimvute," alisema. "Ukivuta ngozi inabaki kwenye shuka. Mwinue, kisha mgeuze. Mto kati ya magoti." Mzee alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, na macho yake yalifuata kila kitu. Nilimwamkia. Maneno yalimtoka kwa shida upande mmoja wa mdomo, lakini marahaba ilitoka nzima.

Kesho yake aliondoka amevaa gauni la kanisani, miwani moja tu. Nilimgeuza Mzee saa mbili, saa nne, saa sita, saa nane. Saa tisa ikapita. Gari la Mikumi likaja na kushusha watu, nikamsikia kondakta, Mama hakuwamo. Saa kumi nikamgeuza tena. Saa kumi na moja nilitoa simu, nikaitafuta namba yake, nikasimama nayo mlangoni.

Nyuma yangu Mzee alikohoa.

"Ha-jarudi?"

"Bado, Mzee. Nataka nimpigie."

Alikusanya pumzi kwa muda mrefu. Mkono wake wa kushoto, ule ulio hai, uliinuka kidogo juu ya shuka, ukaonyesha simu, kisha ukaonyesha chini.

"Mwache," alisema.

Niliiweka simu dirishani, nikavuta kiti karibu na kitanda, nikasubiri saa kumi na mbili ifike nimgeuze.